Nilifungulia dripu ya mzee ili iishe haraka, nesi akanikuta. Uzi wa manesi na historia ya hii kitu

#1 Mjukuu wa Tabu (mleta uzi)

Wakuu salama?

Leo sijaja na siasa wala mpira. Nina aibu yangu ya mwaka jana nimekaa nayo mpaka imenichosha, na ndani yake kuna elimu, ndo maana naileta hapa mnicheke kwa pamoja.

Baba yangu mdogo alilazwa hospitali moja ya wilaya, siitaji. Mzee ana presha ya siku nyingi na moyo wenyewe walishasema umechoka, na hapo alikuwa na siku 2 anatapika hali kitu. Mimi nikapewa zamu ya usiku ya kumuuguza. Sa tano hivi nesi akaja na sinia lake. Mzee kakauka, mishipa hakuna, mkono kama tawi la mwarobaini wakati wa kiangazi. Yule dada akafunga glovu juu ya kiwiko kama kamba, akapapasa kwa kidole kimoja tu, hapigi pigi makofi kama nilivyozoea kuona, anapapasa huku anaangalia pembeni kama mtu anayesikiliza redio. Plasta alishazikata kabla, vipande vitatu kavibandika ukingoni mwa sinia vinaning'inia. Akachoma mara moja. Nikaona damu imerudi kidogo kwenye kile kitako cha kanula, yaani kile kimrija kinachobaki kwenye mshipa, akafungua glovu, akabandika plasta zake, kamaliza. Mzee hata hakusema aah.

Halafu akashika saa yake, ile ya kubandika kifuani inayoning'inia kichwa chini, mkanda wake umekatika kaipachika kwa pini, akakodoa macho kwenye kile kichupa kidogo ambacho matone yanadondokea, akawa anasogeza kidogo kidogo kile kigurudumu cha kwenye mpira kinachobana na kuachia maji. Dakika nzima. Mi nikajisemea huyu dada ana muda wa kupoteza kweli, yaani wodi nzima inamsubiri yeye anaangalia maji.

Akaondoka. Sa sita na nusu hivi usingizi umenizidi, naangalia chupa bado imejaa, tone... tone... tone... Nikapiga hesabu zangu za kijinga, hii ikiisha mapema nesi ataitoa na mi nitalala chini kwenye kanga yangu. Nikazungusha kigurudumu. Matone yakawa uzi.

Robo saa haikufika. Dada anapita na tochi ya simu kuelekea kitanda cha mwisho, akasimama ghafla. Hakuangalia hata chupa wakuu, aliangalia kile kichupa kidogo.

"Nani kagusa hii?"

Kimya. Mama wa kitanda cha jirani akanitazama mimi. Nikajua leo nimeumbuka.

Alifunga kigurudumu kwanza, akamwinua mzee akamwegemeza kwenye mito, akahesabu anavyohema, akampima presha, akaenda kumwita daktari wa zamu. Daktari akasikiliza kifua, akasema iwe imefungwa kwanza. Ndo nesi akanigeukia mimi, wala hakufoka. Akasema: "Kaka, niliacha matone 21 kwa dakika. Moyo wa mzee wako ni pampu imechoka, ukiyamwaga maji yote kwa mkupuo haiwezi kuyasukuma, yanaenda kukaa kwenye mapafu. Mtu anazama yuko kitandani."

Anazama yuko kitandani. Hiyo sentensi imekaa kichwani mpaka leo.

Mzee alipona, yuko nyumbani anagombana na kuku. Ila mimi tokea siku hiyo nikaanza kusoma hii dripu ilitoka wapi, na nimegundua kitu: historia yote ya dripu ni historia ya nani alikuwepo kuiangalia. Nitawaletea mkanda mzima, ngoja nifunge duka kwanza.

#2 Kiti cha Mbele

Nimekaa hapa na karanga zangu. Tiririka mkuu.

#3 Bwana Kero

Mnawasifia sana hawa. Mi mke wangu alijifungua, nesi akamwambia maneno siwezi hata kuyaandika hapa. Hospitali nayo siitaji. Wengine wana roho mbaya tu, tusidanganyane.

#4 Mjukuu wa Tabu

@Bwana Kero pole kwa shemeji, na sitakubishia, lugha chafu ipo na mimi mwenyewe nimeshaitwa majina dirishani. Siandiki kwamba wote ni malaika. Naandika kuhusu kazi moja tu, ile ya kuhesabu matone, ambayo sikujua kama ipo.

Haya, mkanda.

Mtu wa kwanza kutajwa kwenye hii habari wala hakuwa daktari wa kueleweka, ni Christopher Wren, yule yule aliyekuja kuchora kanisa kubwa la St Paul's la London. Mwaka 1656 akiwa Oxford alichukua unyoya wa bata bukini kama sindano, kibofu cha mnyama kama mfuko, akamtilia mbwa pombe na afyuni kwenye mshipa. Mbwa akalewa. Hapo walikuwa wameshajua damu inazunguka mwilini kwa sababu William Harvey alishaandika 1628, kwahiyo wazo lilikuwa kama inazunguka basi ukiweka kitu hapa kitafika kule.

Baada ya hapo watu wakapagawa. Paris 1667 daktari Jean-Baptiste Denis alimwekea kijana wa miaka 15 damu ya mwanakondoo, na kijana akapona, bahati tu. Mgonjwa mwingine akafa, kesi ikaenda mahakamani, mambo ya kuongezana damu yakapigwa marufuku Ufaransa na sehemu kubwa ya Ulaya ikaachana nayo zaidi ya miaka 100. Makundi ya damu yenyewe yamekuja kujulikana 1901 kwa Karl Landsteiner, kwahiyo kabla ya hapo kuongezewa damu ilikuwa kamari.

Ila utamu uko kwenye kipindupindu.

1831 kipindupindu kimeingia Uingereza, watu wanakufa siku hiyo hiyo wameumwa asubuhi. Tiba ya madaktari wa wakati ule ilikuwa nini? Kuwatoa damu na kuwapa dawa za kuharisha. Mtu anaharisha mpaka kaisha, we unamwongezea! Akatokea kijana wa miaka 22, William O'Shaughnessy, akapima damu ya wagonjwa akaona imepungukiwa maji na chumvi, akaandika kwamba basi virudishwe. Yeye mwenyewe hakuwawekea wagonjwa, baadae akaenda India, huko akaja kusimamia ujenzi wa nyaya za simu za maandishi, maisha haya.

Aliyethubutu ni Thomas Latta, daktari wa Leith, bandari jirani na Edinburgh kule Uskoti. Mei 1832. Mgonjwa wake wa kwanza ni bibi mmoja ambaye kila tiba ilishajaribiwa na alishakatiwa tamaa. Latta akaingiza bomba kwenye mshipa, akawa anapiga maji ya chumvi kidogo kidogo huku anamwangalia usoni, mwanzoni hakuna kitu, halafu macho yaliyozama yakaanza kurudi, mwili wa baridi ukapata joto, mapigo yaliyopotea yakaonekana. Kama painti 6 ndani ya nusu saa, ni karibu lita 3 hizo. Bibi akasema anajisikia vizuri, anataka kulala tu.

Sasa sikilizeni hapa. Latta naye alikuwa kachoka. Akaona mambo yametulia, akamwachia mgonjwa daktari wa pale hospitali akaenda zake. Bibi akaanza tena kuharisha na kutapika, maji yale yote yakatoka kama yalivyoingia, na hakuna aliyemwongezea. Baada ya saa tano na nusu akafa.

Niliposoma hapo niliweka simu chini. Dawa ilikuwepo. Bomba lilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa pale kitandani na kusema jamani huyu anarudi nyuma, ongeza. Latta mwenyewe alikuja kuelewa kwamba lazima irudiwe rudiwe, akawaponya wengine baadae, ila 1833 akafariki na tiba yake wakubwa wengi wakaitupa. Kipindupindu cha Zanzibar cha 1869 na 1870, kile ambacho daktari James Christie alikiandikia kitabu, kimeua watu hapa kwetu wakati wazo la kuwaokoa lina miaka 37 limekaa kwenye makaratasi. Imekuja kurudi kwa nguvu mwanzoni mwa miaka ya 1900, kwa daktari Leonard Rogers kule Calcutta, India.

#5 Sista wa Zamu

Nimesoma uzi nimecheka na nimesikitika. Mi ni nesi mwaka wa 11 huu, wodi ya watoto. Hao wa kufungulia dripu nakutana nao kila wiki, wengine wanabana kabisa wakisema mtoto analia maji ni ya baridi.

Ngoja niwape hesabu yake muache kudhani tunaangalia maji. Chupa ml 500, daktari kaandika masaa 8. Seti nyingi za watu wazima, yaani mpira wa dripu na kichupa chake, ml 1 ni matone 20. Kwahiyo chupa nzima ni matone elfu 10. Masaa 8 ni dakika 480. Gawanya, unapata 20.8, ndo hizo 21 za huyo dada. Watoto tunatumia seti ya matone madogo, ml 1 ni matone 60, kwahiyo ukiambiwa ml 30 kwa saa unaweka matone 30 kwa dakika, raha yake hiyo huhitaji kukokotoa. Wodi zenye mashine ni kifungo tu unabonyeza, wengi wetu mashine yetu ni macho na saa.

Na hizo rangi za kanula sio urembo. Njano ni namba 24, hiyo ya vichanga. Bluu 22, pinki 20, kijani 18, kijivu 16, chungwa 14. Namba ikipanda kanula inakuwa nyembamba, imekaa kinyume nyume. Anayetoka damu sana anataka pana, ukimwekea njano ni sawa na kuzima moto wa nyumba kwa kijiko.

Mtoto aliyekauka kwa kuharisha ni mtihani. Mshipa hauonekani, unazima taa unamulika kiganja kwa tochi ya simu, mama analia, bibi anakwambia umemchoma vya kutosha mwache. Ukiupata unafunga mkono na kipande cha boksi asiukunje. Kuna usiku nilikuwa peke yangu na watoto 34, dripu 12 zinatembea. Unamaliza kuhesabu ya mwisho, ya kwanza imeshabadilika kwa sababu mtoto kageuka. @Bwana Kero sitetei lugha mbaya, ila usiku kama huo ukinigusa bega kuniuliza choo kiko wapi naweza nikakujibu vibaya, nisamehe mapema.

#6 Bwana Kero

Watoto 34 peke yako? Aisee. Haya, nimekaa kimya naendelea kusoma.

#7 Mpwani wa Takaungu

Mimi niko pande za Kilifi. Nauliza swali moja jamani, kwani hapo zamani hizi sindano za mshipa wauguzi walikuwa wanadunga wenyewe ama ni madaktari? Marehemu nyanya yangu alikuwa akisema akilazwa enzi zao alifungwa mkono kwa ubao usiku kucha, chupa ni ya gilasi, na hakuruhusiwa hata kujikuna.

#8 Mjukuu wa Tabu

@Mpwani wa Takaungu umegusa penyewe.

Nyanya yako alisema kweli. Sindano ilikuwa ya chuma na inabaki humo humo ndani ya mshipa, ukikunja mkono inatoboa upande wa pili maji yanajaa kwenye nyama, ndo sababu ya ubao. Na haitupwi, inachemshwa, ikiwa butu inanolewa. Hii kanula laini tunayoiona, sindano inatoka na kimrija kinabaki, ilianza 1950 kwa David Massa, daktari kijana aliyekuwa bado anasomea kazi ya kuwalaza wagonjwa usingizi wa upasuaji pale hospitali ya Mayo Clinic, Marekani. Mwanzo wa ubao kustaafu.

Hata maji yenyewe yalikuwa balaa. Watu walikuwa wakitundikiwa wanapandwa na homa kali wanatetemeka kitanda kinagonga ukuta, na haieleweki kwanini maana maji yamechemshwa. Mwanamke mmoja mkemia, Florence Seibert, 1923 akaonyesha kwamba kuchemsha kunaua bakteria lakini sumu yao inabaki kwenye maji, akatengeneza namna ya kuyachuja kwa mvuke yatoke safi. Bila huyo mama hakuna dripu ya kiwandani, na za kiwandani kwenye chupa za gilasi zimekuja 1931, kampuni ya Baxter.

Sasa swali lako. Miaka mingi kuchoma mshipa ilikuwa kazi ya daktari, nesi anashika bakuli. 1940 hospitali ya Massachusetts General, Boston, ikamkabidhi kazi hiyo nesi mmoja anaitwa Ada Plumer. Kazi zake: kutundika dripu na damu, kuosha mipira, kusafisha na kunoa sindano. Sifa iliyotakiwa ilikuwa moja tu, uwe unajua kuupata mshipa. Yaani walimchukulia kama fundi. Na huyu fundi akaja kutengeneza timu nzima, akafundisha wenzie, na 1973 yeye na mwenzie Marguerite Knight wakaanzisha chama cha manesi wa dripu Marekani. Huko wana mpaka siku yao, Januari 25. Huku kwetu tunajua ya Mei 12 tu, siku aliyozaliwa Florence Nightingale, tena tunajua kwa sababu kuna maandamano na fulana.

Sinuni kwamba hatuna siku. Ila nimewaza, daktari aliandika "masaa 8" kwenye karatasi ya mzee akaondoka, ni neno moja. Yale matone elfu 10 ni ya nani?

#9 Dogo Janja wa Mbagala

Mkuu mi nikichoka na mizunguko huwa naenda dispensari ya mtaani natundikiwa maji ya njano, natoka nimepona. Ina shida?

#10 Sista wa Zamu

Hayo ya njano ni maji ya chumvi au sukari, rangi ni vitamini. Kama unakunywa na unakula, kojo lako litakuwa la gharama tu. Kanula ni mlango umefunguliwa kwenye damu, tunaufungua kukiwa na sababu. Kunywa maji ulale mdogo wangu.

#11 Mjukuu wa Tabu

@Dogo Janja sisi tuna ugonjwa wa kuamini dripu. Mtu akitoka hospitali na vidonge tu anasema "hawajanihudumia." Nina visa viwili hapo.

Cha kwanza 1971, vita ya Bangladesh, wakimbizi wamefurika India, kambi za Bangaon kipindupindu kinafyeka watu. Daktari Dilip Mahalanabis na wenzie dripu zimewaishia. Akachanganya chumvi, sukari na magadi kwenye mapipa, watu wanywe. Na nani wa kunywesha maelfu ya watu? Ndugu zao, mama zao, kikombe kwa kikombe. Vifo vikashuka kutoka kama asilimia 30 mpaka chini ya 4. Ndo hii ORS ya pakiti. Angalieni tena, ni yule yule mtu wa kukaa kando ya kitanda.

Cha pili ni cha kwetu kabisa, na hiki kilinitoa jasho. Utafiti wa FEAST, ulitoka 2011, watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, hospitali kama Kilifi hapo kwa @Mpwani wa Takaungu, Mbale, Soroti, na Muheza kwetu. Watoto wenye homa kali na dalili za mshtuko, yaani damu haiwafikii vizuri mwilini, wa kuharisha hawakuhusishwa. Vitabu vilikuwa vinasema mtoto kama huyo mkimbizie maji mengi kwa haraka. Wakalinganisha. Waliokimbiziwa maji walikufa zaidi, kama 10 na nusu kwenye kila 100 ndani ya masaa 48, na waliopewa taratibu 7. Utafiti ukasimamishwa kabla ya muda.

Dunia nzima ilikuwa inafungulia kigurudumu. Na mimi nikakifungulia kwa sababu ya usingizi.

#12 Mpwani wa Takaungu

Walahi sikujua hayo yalifanyika hapa kwetu. Napita hospitali hiyo kila siku na boda yangu.

#13 Kiti cha Mbele

Karanga zimeisha. Ila mkuu hujasema ulimwomba radhi yule dada au ulijikausha?

#14 Mjukuu wa Tabu

Nilijikausha. Asubuhi zamu ilibadilika nikaona ameshaondoka, nikashukuru Mungu kabisa. Mwezi uliopita nilimrudisha mzee kliniki nikapita wodini. Yupo. Hakunikumbuka mimi, alimkumbuka mzee, eti "yule wa mishipa ya kukimbia." Nikamwambia mimi ndo yule mjinga wa kigurudumu. Akacheka, akasema wako wengi, sikumbuki yupi.

Saa bado imeshikwa na pini ile ile, na sasa mshale wa sekunde umekufa, anahesabia kwa simu, anaitoa mfukoni anairudisha, anaitoa anairudisha, kila kitanda. Nataka nimnunulie. Naomba mnielekeze zinapatikana wapi maana nimezunguka maduka ya saa wananionyesha za mkononi.

#15 Sista wa Zamu

Usiende maduka ya saa, nenda yanakouzwa mashati meupe ya manesi na vipimo vya presha, Kariakoo hukosi. Chukua ya silikoni inaoshwa kwa spiriti, ya cheni inashika uchafu. Na kabla hujalipa isubirie dakika moja nzima pale pale dukani uangalie mshale wa sekunde, kuna feki zinasimama kwenye 9 halafu zinaruka.